Nani Mwenye Barabara Hii? Somo la Usalama Barabarani na Usafiri Usiochafua Hewa

Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, kulingana na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Kundi kubwa zaidi miongoni mwao, kama ilivyokuwa miaka iliyotangulia, lilikuwa la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Waliofuata ni waendeshaji wa pikipiki na abiria wao. Kwa maneno mengine, wasiokuwa na bati la gari la kuwakinga ndio wanaokufa zaidi.

Kaunti ya Mombasa inalijua jambo hili kwa karibu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakaazi 1,208,333 katika kaunti ndogo sita za Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe. Barabara tatu kubwa zinakutana hapa: ya kwenda Nairobi, ya kwenda Malindi na ya kwenda Lunga Lunga. Malori ya bandarini, matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni na wanafunzi wanaorudi nyumbani hugawana lami hiyo hiyo.

Somo hili linaeleza mambo manne: nani anayehusika na barabara gani, kasi huua vipi, usafiri usiochafua hewa unahusiana vipi na usalama, na mkaazi anaweza kufanya nini ili kivuko au njia ya miguu inayohitajika mtaani mwake iingie kwenye bajeti.

SERA, SHERIA NA BAJETI

Mara nyingi maneno haya matatu huchanganywa, kisha mkaazi hushangaa mbona sera ilizinduliwa kwa shangwe na mtaani hakuna kilichobadilika.

Sera ni tamko la serikali kuhusu inachokusudia kufanya na sababu zake. Sheria ni amri iliyopitishwa na bunge, na anayeivunja anaweza kushtakiwa. Bajeti ni pesa zilizotengwa kwa kazi maalum katika mwaka maalum. Sera bila bajeti ni nia njema tu, na bajeti bila sera huweza kujenga barabara pana isiyo na mahali pa kutembea.

Mfano mzuri ni wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, yaani kutembea na kuendesha baiskeli. Sera hiyo iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya njia za miguu, za baiskeli na miundombinu ya usafiri wa umma. Sababu ilikuwa wazi: takriban safari nne kati ya kumi jijini Nairobi hufanywa kwa miguu. Funzo kwa kaunti nyingine ni kwamba sera ikitaja kiwango, mwananchi hupata kipimo cha kuuliza: mwaka huu zimetengwa ngapi, na zimejenga nini?

Katika ngazi ya taifa, serikali ilizindua Mpango wa Kitaifa wa Usalama Barabarani wa 2024 hadi 2028 mwezi Aprili 2024. Mpango huo unakwenda sambamba na Muongo wa Utekelezaji wa Usalama Barabarani wa Umoja wa Mataifa, 2021 hadi 2030, ambao lengo lake ni kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa angalau nusu ifikapo 2030.

NANI MWENYE BARABARA?

Swali hili ndilo la kwanza kuulizwa, kwa sababu malalamiko mengi hupotea kwa kupelekwa afisi isiyohusika.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Serikali ya kitaifa ilipewa sheria za trafiki, barabara kuu za kitaifa na viwango vya ujenzi wa barabara zote. Serikali za kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani.

Kwa barabara za kitaifa, Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu:

- KeNHA husimamia barabara kuu za kitaifa. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ya Mombasa kwenda Malindi na ya Likoni kwenda Lunga Lunga ziko chini yake.
- KURA husimamia barabara za kitaifa zilizo mijini.
- KeRRA husimamia barabara za kitaifa za mashambani.

Barabara nyingi za ndani ya mitaa, zile zinazotoka kwenye barabara kubwa kuelekea shule, zahanati, msikiti, kanisa na soko, ni za kaunti.

Kuna wadau wengine wawili. NTSA hutoa leseni za madereva na kusajili magari, na hukagua ubora wa magari ya abiria. Polisi wa trafiki, ambao ni sehemu ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, hushika wanaovunja sheria. Kaunti haina mamlaka ya kumnyang'anya dereva leseni yake, lakini ina uwezo wa kuamua steji itakaa wapi, bodaboda wataegesha wapi, taa itawekwa wapi na njia ya miguu itapita wapi. Uwezo huo si mdogo. Steji iliyowekwa ng'ambo ya barabara kubwa, mbali na kivuko, huwalazimisha mamia ya watu kukimbia katikati ya magari kila asubuhi. Kuihamisha hatua chache tu kunaweza kuokoa maisha bila kumfunga mtu yeyote.

HESABU YA KASI

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki kinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya vituo vya biashara, miji na majiji. Magari ya abiria na ya mizigo hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa popote. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ndizo zilizolazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, na wakaazi wengi wanakumbuka tofauti iliyoonekana barabarani siku zile.

Kwa nini 50? Na kwa nini Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 pale ambapo magari huchanganyika na watu wengi wanaotembea? Jibu liko katika hesabu rahisi. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari bado linakwenda kwa kasi ile ile. Kisha breki hushika, na gari huhitaji nafasi ya kusimama. Kwa gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu, makadirio ni haya:

- Kwa kilomita 30 kwa saa, gari husonga mita 8 kabla ya breki kushika, kisha mita 5 hadi kusimama. Jumla ni mita 13.
- Kwa kilomita 50 kwa saa, husonga mita 14, kisha mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28.
- Kwa kilomita 80 kwa saa, husonga mita 22, kisha mita 35. Jumla ni mita 57.

Sasa tuseme mtoto anaingia barabarani mita 13 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 anasimama mbele yake. Dereva wa kilomita 50 hajaanza hata kupunguza mwendo; anafika alipo mtoto kwa kasi yote ya 50. Madereva wote wawili wanaweza kuwa waangalifu na wenye leseni. Kilichowatofautisha ni kasi waliyokuwa nayo kabla mtoto hajaonekana.

Nguvu ya mgongano nayo haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia moja inayoongezeka katika kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali yenye vifo kwa asilimia nne. Mvua ikinyesha, au magurudumu yakiwa kipara, umbali wa kusimama huzidi hapo.

Ndiyo maana wahandisi wa usalama hawategemei bango peke yake. Bango humwomba dereva apunguze mwendo, ilhali barabara iliyojengwa vizuri humlazimisha. Njia zinazotumika ni kivuko cha pundamilia kilichoinuliwa kama tuta pana, kisiwa cha kusimamia katikati ya barabara, kupunguza upana wa barabara karibu na shule, na taa zinazomulika kivuko usiku. Daraja la juu la kuvukia husaidia kwenye barabara za kasi kubwa, lakini mzee, mama aliyebeba mtoto au mtu wa kiti cha magurudumu hulipata gumu, na wengi huishia kuvuka chini. Mahali ambapo gari linaweza kupunguziwa mwendo, kivuko cha chini kilicho salama huwafaa wengi zaidi.

PIKIPIKI NA TUKTUK

Bodaboda na tuktuk ni ajira kwa maelfu ya vijana, na kwa mitaa isiyofikiwa na matatu ndio usafiri wa pekee. Lengo la sera si kuwaondoa. Ni kuhakikisha dereva anarudi nyumbani jioni, na abiria wake pia.

Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Helmeti ikivaliwa sawasawa na kufungwa kamba kidevuni, hupunguza sana uwezekano wa kufa kutokana na jeraha la kichwa. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani haimkingi yeyote. Abiria naye ana haki ya kudai helmeti kabla ya kupanda, na ana wajibu wa kukataa kubebwa mishikaki.

Chama cha bodaboda kinachosimamia steji kina nguvu ambayo polisi hawana. Kinamjua kila mwanachama, kinajua nani hana leseni na nani anaendesha akiwa amelewa. Steji zenye kanuni zake, ambapo mwanachama asiye na helmeti haruhusiwi kuingia foleni, huokoa maisha bila hata askari mmoja kuonekana. Kaunti inapogawa maegesho rasmi, chama chenye kanuni kama hizo kina hoja nzito ya kupewa nafasi.

USALAMA NA HEWA SAFI NI NDUGU

Watu wengi hudhani kwamba usalama barabarani ni kazi ya polisi, na hewa safi ni kazi ya idara ya mazingira. Mtaani mambo haya hushikana.

Mtu anayetembea au kuendesha baiskeli hachomi hata tone moja la mafuta. Hata hivyo, akiona kila siku anaponea chupuchupu, ataacha. Mzazi mwenye uwezo atampeleka mtoto shuleni kwa tuktuk hata kama shule iko mwendo wa dakika kumi. Kijana aliyekuwa na baiskeli atakopa pikipiki. Kila anayeikimbia njia ya miguu huongeza injini moja barabarani, na kila injini huongeza moshi na hatari kwa wale waliobaki wakitembea. Mzunguko huu haukatwi kwa kuwahubiria watu watembee. Hukatwa kwa kuwapa mahali salama pa kutembea.

Kwa hiyo kitu kimoja hufanya kazi mbili. Njia ya miguu iliyoinuliwa na yenye mwanga huzuia ajali, na pia hupunguza safari za injini. Matatu au basi lenye steji nzuri huondoa bodaboda nyingi barabarani. Abiria 33 wa basi moja wangehitaji pikipiki 33 kama kila mmoja angepanda yake. Mizigo inayosafiri kwa reli ya SGR kutoka bandarini, ambayo ilianza kubeba kontena Januari 2018, ni mizigo ambayo haipiti Changamwe na Jomvu juu ya lori.

Ipo hatari moja ya kuepukwa. Njia ya miguu iliyojaa vibanda, mchanga wa mjenzi au tuktuk zilizoegeshwa si njia ya miguu tena, kwa sababu mtu hushuka barabarani kuipita. Mchuuzi naye anatafuta riziki yake, na wateja wake ni hao hao wanaotembea. Suluhisho linalodumu ni kupanga nafasi ya mchuuzi wakati njia inapochorwa, pembeni mwa mapito, badala ya kujenga kwanza na kufukuza watu baadaye.

UMEME BADALA YA PETROLI

Mombasa ndiyo lango la mafuta ya nchi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu hapo petroli na dizeli zote huingia zikiwa tayari kutumika, zikinunuliwa kwa fedha za kigeni. Umeme, kwa upande mwingine, huzalishwa nchini, na takriban sehemu tisa kati ya kumi hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Pikipiki ya umeme inayochajiwa Kisauni inatumia nguvu za Olkaria na Turkana kuliko za visima vya ng'ambo.

Serikali ya kitaifa imechukua hatua kadhaa. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliidhinisha bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, Sh16 kwa uniti, na nusu yake saa ambazo matumizi ya umeme huwa ya chini, kabla ya kodi na tozo. Rasimu ya Sera ya Taifa ya Usafiri wa Umeme ilizinduliwa Machi 2024.

Mwendeshaji wa bodaboda anaweza kupima mwenyewe. Tuseme kwa siku anakwenda kilomita 100, pikipiki ya petroli inatumia lita mbili na nusu, na lita ni Sh180. Atatumia Sh450. Tuseme pikipiki ya umeme inatumia uniti nne kwa umbali huo. Kwa bei ya Sh16 ni Sh64 kabla ya kodi na tozo. Tofauti ni kubwa, lakini hesabu haijakamilika. Anayebadilisha betri kwenye kituo hulipa zaidi ya bei ya umeme, kwa sababu malipo hayo yanajumuisha matumizi ya betri yenyewe. Anayenunua kwa mkopo ana malipo ya kila siku. Kabla ya kutia sahihi, inafaa kuuliza maswali manne: betri ni ya nani, ikichoka nani atailipia, vituo vya kubadilisha viko wapi katika njia anayotumia, na fundi aliye karibu ni nani.

Kuna suala jingine ambalo sera italazimika kulijibu. Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa ushuru wa kukarabati barabara, ambao tangu Julai 2024 ni Sh25. Mwendeshaji wa mfano wetu hulipa Sh62.50 kwa siku bila kujua. Pikipiki ya umeme hailipi ushuru huo, ilhali inatumia barabara ile ile. Vyombo vya umeme vinapoongezeka, nchi itahitaji njia nyingine ya kulipia barabara, na ni vyema wakaazi walijadili jambo hili mapema kuliko kushtukizwa na tozo mpya.

La mwisho ni hili: chombo cha umeme hakitoi moshi, lakini kinagonga kama chombo kingine chochote. Tena hakina kelele, hivyo anayevuka huenda asikisikie kikija, hasa mtu asiyeona. Helmeti, taa, leseni na kikomo cha kasi vinahitajika vile vile. Mji ukibadilisha kila injini kuwa ya umeme na kuacha barabara zilivyo, utakuwa na hewa safi zaidi na makaburi yale yale.

KIVUKO HUINGIAJE KWENYE BAJETI?

Tuchukue mfano. Shule ya msingi iko kando ya barabara ya lami. Wanafunzi huvuka asubuhi na jioni, na hakuna kivuko wala tuta. Wazazi wanataka kivuko kilichoinuliwa na njia ya miguu ya mita 200. Hatua ni hizi.

Kwanza, kujua mwenye barabara. Afisi ya msimamizi wa wadi au idara ya uchukuzi ya kaunti inaweza kueleza. Kama jibu halipatikani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Habari inayohusu uhai wa mtu inatakiwa kutolewa ndani ya saa 48.

Pili, kukusanya ushahidi. Bajeti hugombewa na wengi, na anayekuja na hesabu husikilizwa kabla ya anayekuja na hasira. Wazazi wawili wenye daftari wanaweza kusimama kwa siku tatu, saa moja asubuhi na saa moja jioni, wakahesabu watoto wanaovuka, magari yanayopita na mahali wanapovukia. Ajali zilizoripotiwa ziandikwe kwa tarehe na namba ya ripoti ya kituo cha polisi. Picha za barabara zinafaa. Picha za majeruhi hazifai.

Tatu, kupeleka ombi panapostahili. Kama barabara ni ya kaunti, kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mkaazi haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti, na kifungu cha 15 kinamruhusu kulipeleka kwa Bunge la Kaunti. Kama ni ya KeNHA, KURA au KeRRA, barua iende kwa mamlaka husika, na nakala kwa mbunge na kwa idara ya uchukuzi ya kaunti. Barua ipelekwe ikiwa na nakala ya kugongwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa ombi lisilo na muhuri husemwa halikufika.

Nne, kuzingatia kalenda. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hukwama. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi huanza karibu mwaka mzima kabla:

- Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Mradi usiotajwa hapa huwa na safari ngumu.
- Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoweka kiwango cha pesa za kila idara, huwasilishwa kufikia Februari 28.
- Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30.
- Bajeti hupitishwa kufikia Juni 30.

Juu ya yote hayo kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kifungu cha 201 cha Katiba kinadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha, kwa hiyo katika kila hatua umma una haki ya kutoa maoni. Wazazi wa shule yetu wakija kwenye kikao cha Mei kuomba kivuko, wamechelewa kwa miezi mingi. Wakija Julai au Agosti, mpango unapoandikwa, wana nafasi nzuri.

Tano, kufuatilia. Mradi ukishaingia kwenye bajeti, waulize umepewa kiasi gani, utaanza lini, na michoro inaonyesha nini. Michoro hukaguliwa kabla ya lami kumwagwa. Je, kuna mteremko wa kiti cha magurudumu? Taa iko juu ya kivuko au mita 30 mbali nacho? Mtaro umefunikwa? Kurekebisha mchoro ni kazi ya kalamu, ilhali kurekebisha zege ni bajeti nyingine.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

Maswali haya yanaweza kutumiwa katika baraza la mtaa, mkutano wa wazazi, kikao cha chama cha bodaboda au darasani.

1. Taja barabara tatu mnazotumia kila siku. Kila moja ni ya nani: KeNHA, KURA, KeRRA au kaunti?

2. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na mtu anaingia barabarani mita 20 mbele yake. Litasimama kabla ya kumfikia? (Jibu: la. Linahitaji takriban mita 28.)

3. Ni mahali gani mtaani mwenu ambapo watu wengi huvuka lakini hapana kivuko? Kuna steji inayoweza kuhamishwa?

4. Mwendeshaji wa bodaboda anataka kuhamia pikipiki ya umeme. Kwa kilomita anazokwenda kwa siku, ataokoa kiasi gani baada ya kulipia betri na mkopo?

5. Mwezi huu uko wapi katika kalenda ya bajeti? Hatua inayofuata ni ipi, na nani katika kikundi atapeleka ombi?

Swali la tano lisiachwe bila jibu. Kikundi kiandike jina la mtu na tarehe, kisha kikutane tena baada ya tarehe hiyo kuona kama barua imegongwa muhuri.